Kiti Kinachomeza Hasira

Nianze kwa kukitendea haki: kiti kilikuwa kizuri. Sitakisingizia. Nimekalia vitu vingi katika maisha yangu, kigoda cha mama, ndoo iliyopinduliwa, benchi la kanisani lililochongwa na fundi ambaye nadhani yeye mwenyewe hakuumbiwa makalio, na hakuna hata kimoja kilichowahi kunipokea vile. Nilishuka kama ninavyoshuka siku zote, kwa kuguna, mkono mmoja kiunoni na mwingine ukitafuta pa kushika, na kiti kikainuka kidogo kunifuata. Kikanikuta njiani. Marehemu mume wangu tuliishi naye mpaka akazeeka, na hata siku moja hakuwahi kunikuta njiani.

Kazi yangu pale kiwandani Mafinga iliitwa ukaaji. Cheka tu, hata mimi nilicheka. Tulikuwa watatu: kijana mmoja mrefu ambaye magoti yake yalifika kabla yake, baba mmoja mnene aliyewahi kuwa mpishi wa shule, na mimi. Wale walichukuliwa kwa urefu na kwa uzito. Mimi nilichukuliwa kwa sababu mgongo wangu umekwisha na mdomo wangu bado. Nilitumia ujana wangu nimeinama kwenye vitalu vya mipaina, na pingili za uti wangu zimesagika hadi daktari aliyezipiga picha aliita wenzake waje kuona. Injinia alikuwa akisema, kiti kikimnyamazisha Bibi Desderia, kitamridhisha yeyote.

Injinia huyo aliitwa Lwitiko, mtoto wa watu wa Tukuyu, mpole, aliyenipa shikamoo kila alipopita mbele yangu hata kama amepita asubuhi ile ile akaipata marahaba yake. Alinieleza kiti kinavyofanya kazi, nami naeleza nilivyoelewa. Kikalio kimefumwa kwa nyuzi nyembamba kuliko nywele za mtoto mchanga, na kila uzi unasikia. Unasikia paja likikaza, bega likipanda, pumzi ikihama tumboni na kwenda kukaa juu kifuani. Kabla hujajua kwamba umekaza taya, kiti kimeshajua. Kinashusha mgongo wako nyuma kidogo, kinapandisha magoti, kinapeleka joto kiunoni, kinakutikisa polepole kwa mwendo wa pumzi za mtu aliyelala. Dawa hakuna. Umeme unaoingia mwilini hakuna. Wakaguzi walikuja na vipimo vyao, wakakuta hakuna cha kukataza. Kiti tu, Bibi, aliniambia, kinakurekebisha wewe badala ya wewe kukirekebisha.

Siku ninayoisimulia, Jumanne, alikuja na kile kioo chake cha kusomea vipimo vya kiti na uso wa mtu aliyetumwa kudai.

"Bibi, unisamehe," alisema. "Leo inabidi nikuudhi."

Nikamwambia aanze, nitamwambia akifika.

Kwanza alinichokoza kiti kikiwa kimezimwa. Alinikumbusha jirani aliyewahi kumuuza kuku wangu sokoni kabla yangu mimi mwenye kuku. Nikapanda moto. Lwitiko akatazama kioo, akaitikia kwa kichwa kwa kuridhika, akakiwasha kiti, akasema kwamba amesikia ulanzi ninaougema kwenye mianzi yangu ni maji ya kuoshea vyombo. Ulanzi wangu. Nilifungua mdomo nimjibu jambo la kumfanya ajute kujifunza kusoma, na badala yake nikacheka. Nikamwambia labda kweli, mvua zimekuwa nyingi.

Basi akaendelea na maswali aliyopangiwa. Nadhani hakujua anachouliza, yalikuwa yameandikwa tu pale kwenye kioo. Aliniuliza mwanangu Oliva alikufaje.

Nikamweleza. Oliva alishikwa na uchungu, damu ikawa inatoka isivyotakiwa. Tukaita machela ya kuruka, ile isiyo na rubani, ambayo kila kijiji kimeahidiwa. Ikajibu kwamba imeondoka. Tuliiona kwenye simu ya mkwe wangu, alama nyekundu inakuja juu ya ramani, inakuja, halafu ikageuka. Ikageuka tu, ikaenda upande mwingine. Mtoto tulimpata hai. Oliva alikufa kabla mtu yeyote hajaleta hata gari la kubebea mbao. Tulipouliza tuliambiwa ni hitilafu ya mfumo.

Nilimweleza hayo yote huku nikitikiswa polepole. Halafu nikasikia mtu anasema kwa sauti yangu: "Ndivyo ilivyopangwa. Pengine hata angefika hospitali angekufa tu."

Lwitiko akaandika kitu. Aliniuliza starehe ya kiuno ikoje. Nikasema nzuri sana.

*

Nilitoka nje kunyoosha miguu. Mafinga ukungu ukishuka hukioni hata kidole chako, na baridi yake haina adabu kwa wazee. Nilitembea kuelekea langoni. Mgongo ulianza kurudi kidogo kidogo, pingili moja moja, kama wapangaji wanaorudi nyumbani jioni. Ulipofika wote, nyuma yake ikafuata hasira.

Ilinikuta karibu na pipa la maji. Nilishika ukingo wa pipa. Nilisikia tena yale maneno, angekufa tu, na nikajua yametoka kinywani mwangu, na nikatema mate chini kama mtu aliyekula kitu kilichooza. Nimeibeba hasira ile tangu Oliva alipozikwa. Nimelala nayo. Nimekataa chai ya wakubwa waliokuja na rambirambi zao kwenye bahasha, nikawaambia sitaki kingine, nataka mtu mmoja asimame mbele ya watu aseme ile machela ilipelekwa wapi. Hasira hiyo ndiyo kitu pekee cha Oliva nilichobaki nacho mimi, kwa kuwa mtoto ni wa baba yake. Na kiti kilikuwa kimenivua kama unavyomvua mtoto koti, nami nikanyoosha mikono kusaidia.

Nikarudi ndani. Mlango ukaniuliza jina, nikaupiga teke.

Nilimkuta Lwitiko anafuta kioo. Nilimtaka anionyeshe vishikio vyote vya kile kiti, kimoja kimoja. Alidhani nimeingiwa na bidii ya kazi, masikini, akafurahi. Hiki cha kupandisha na kushusha. Hiki cha kusogeza kiegemeo. Hiki cha mikono, inakuja ndani, inakwenda nje. Hiki cha lile tuta la kiunoni, mkaaji analigeuza mwenyewe mpaka limfae. Kila kitu kiko mkononi mwa mkaaji, alisema, hakuna kiti duniani kinachorekebishika hivi.

Nikamuuliza cha kuzima ule utulivu kiko wapi.

Akarudia kufuta kioo. Hicho, alisema, hakiko kwenye kiti. Kiko kwenye meza ya mwenye ofisi.

Nikamuuliza ni nani aliyetaka kiwe huko. Akasema mteja. Nikamuuliza mteja ni nani. Hapo aliangalia viatu vyake, na mimi nikajua kabla hajasema: baraza la malalamiko la huduma za anga la wilaya. Ndiko viti vya kwanza vilikokwenda, vimeshafungwa ukumbini. Na mimi na mkwe wangu tulikuwa tumeitwa kwenye baraza hilo Alhamisi, kusikilizwa habari ya Oliva.

Nilimwambia maneno ambayo sitayaandika. Alinisikiliza yote amesimama, mikono nyuma, kama mtoto anayengoja fimbo. Nilipoishiwa pumzi ndipo akasema.

"Dada yangu Tusajigwe ni karani pale barazani, Bibi. Mwaka juzi mtu alikuja kulalamika. Alikuwa na haki yake, hata dada anasema alikuwa na haki. Akainua kiti cha chuma akakirusha mezani. Dada ana jicho moja sasa." Aligusa kiegemeo cha kile kiti chake kama mtu anavyogusa shingo ya ng'ombe wake. "Niliapa kutengeneza kiti ambacho hakuna mtu atakayetaka kukirusha. Nimekitengeneza."

 Nilimwona moyoni huyo msichana na jicho lake. Nilimwona pia mtu wa kiti cha chuma, mwenye haki yake. Nikamwambia nasema hapana, kiti hiki kisipite, aandike kwamba mkaaji Desderia amekikataa.

Akaniuliza taratibu kama kina tatizo kiunoni. Nikasema hapana. Shingoni? Hapana. Je, kinarekebishika? Kinarekebishika.

"Sasa Bibi, mimi ninaulizwa swali moja tu. Ni kizuri au si kizuri?"

"Ni kizuri," nilisema, na sijawahi kusema neno hilo kwa chuki namna ile.

*

Jumatano nilikwenda kwa mkwe wangu, Method. Kwetu mama mkwe na mkwe hawazoeani. Mimi nilizungumza nikiwa uani, yeye akiwa ndani ya mlango, kila mmoja akitazama pembeni, ingawa mimi kusema kweli mila hiyo nimekuwa nikiifuata pale inaponifaa na kuisahau inapokuwa na usumbufu. Nilimwambia kesho asikae. Wakimbembeleza asikae, wakimwambia ni amri asikae, aseme ana jipu. Nilimweleza kiti kinafanya nini. Aliitikia ndiyo mama, ndiyo mama, lakini sauti ilikuwa ya mtu ambaye hajalala tangu mkewe afe, na mtoto begani mwake alikuwa analia kwa zamu na yeye. Mtoto tulimpa jina la mama yake. Nilirudi nyumbani bila imani.

Na kweli Alhamisi nilipofika ukumbini, nikiwa nimechelewa kwa sababu ya huu mgongo, nilimkuta Method amekaa.

Ukumbi ulikuwa umejaa. Kijiji kizima kilikuja, wamebanana kwenye mabenchi ya nyuma. Mbele kulikuwa na meza ndefu, na nyuma ya meza, kwenye kiti kikubwa cha mbao ya mninga, alikaa Bwana Ansigari Luvanda, mkuu wa huduma za anga wilayani, ambaye ndiye pia aliyesikiliza malalamiko dhidi ya huduma za anga. Usiniulize. Pembeni yake Tusajigwe, msichana mwembamba mwenye kitambaa jichoni, na mbele ya Tusajigwe kisanduku kidogo chenye taa ya kijani, nikajua ndicho cha kuzimia viti. Upande wa walalamikaji viti viwili vya Lwitiko vimeungwa pamoja juu ya fremu moja, pacha, bega kwa bega.

Method alikuwa kwenye kimojawapo, mtoto amelala kifuani. Walimwambia kaa baba, una mtoto, akakaa. Ungefanyaje? Uso wake ulikuwa umenyooka, sijauona umenyooka hivyo tangu harusi yao. Aliponiona akatabasamu, akanong'ona kwamba amezungumza na mzee hapa na wameona afadhali yaishe.

Watu wa nyuma walinung'unika. Mimi nilibaki nimesimama, na mgongo unanipigia kelele nikae.

Bwana Luvanda alikuwa na adabu zote. Alinikaribisha kiti kwa mikono miwili. Akasema mama yetu umechoka, tafadhali, huwezi kusikilizwa umesimama, ndiyo taratibu, ni kwa usalama wako. Akaonyesha kiti cha pili, kile kilichogusana na cha Method.

Hapo ndipo wazo lilinijia, na nikaomba moyoni nisicheke.

Nilirudi nyuma hatua, nikaweka kanga mdomoni. Nikasema baba, unanitafutia laana. Nikae na mkwe wangu bega kwa bega, fremu moja, kitanda kimoja tuseme, mbele ya watu wote hawa?

Bibi mmoja nyuma akasema haiwezekani. Mwingine akasema hiyo ni aibu. Wazee wa kiume wakaanza kukohoa kile kikohozi chao. Luvanda naye ni mtu wa kwetu, mkewe ana mama, alijua hasa ninachosema na alijua hawezi kukipinga mbele ya kijiji. Alimtazama Tusajigwe. Tusajigwe akasema kiti kingine hakuna, na mabenchi yamepigwa misumari sakafuni tangu ile habari ya jicho lake.

"Mpe mama kiti chako," sauti moja ya nyuma ikasema. Nyingine zikaifuata.

Alitabasamu. Ninaamini alijihesabia faida: mkubwa anayemwachia bibi kizee kiti chake, watu watalisimulia. Na yeye alijua viti vile vinafanya nini, ndiye aliyevinunua, lakini alidhani vinawafanyia wenye hasira tu. Yeye hakuwa na hasira. Angepoteza nini? Akanishika mkono, akanizungusha meza, akanikalisha kwenye mninga wake, kigumu, cha baridi, kinachobana mbavu. Halafu akaenda akakaa kando ya Method.

Nilikiona kiti kikiinuka kumfuata. Mabega yake yalikuwa yamepanda karibu na masikio, sikuwa nimeyatambua, na sasa yakashuka. Taya ikalegea. Mtu mwenye siri huishika kwa mwili mzima, mchana na usiku, na kiti kilimwona amechoka kikamsaidia kuiweka chini.

Sikumfokea. Nilizungumza naye kama ninavyozungumza na kuku ninayetaka aingie bandani. Nilimuuliza kama amestarehe. Akasema sana. Nikamuuliza siku ile ya Oliva, machela ilijigeuza yenyewe?

"Hapana," alisema Bwana Luvanda. "Niliigeuza mimi."

Nyuma watu waliinuka wamwone.

"Ikaenda wapi, baba?"

"Njombe. Kuchukua keki." Alikuwa anatikiswa polepole, macho yamefumbwa nusu. Akaeleza bila kuulizwa. Ilikuwa ya sendofu, sherehe ya kumuaga binti yake kabla ya harusi, ya ghorofa, ya krimu nyeupe, na barabara siku hiyo ilikuwa matope, gari lingeivuruga. Machela ina lile sanduku la baridi la kuwekea damu. Waliitoa damu wakaweka keki, ikafika kama ilivyotoka kwa mpishi. Kila mtu aliisifu.

"Krimu inayeyuka upesi," Method akasema pembeni yake, kwa upole, akimpapasa mtoto mgongoni. Akaitikia kwa kichwa. Mume wa Oliva.

Nilimtazama Tusajigwe. Mkono wake ulikuwa juu ya kile kisanduku. Akibonyeza, kiti kinazima, bosi wake anazinduka na kunyamaza, na kazi yake inapona. Jicho lake moja lilikuwa kwa Luvanda. Aliuondoa mkono, akauweka mapajani, akaushika kwa mkono mwingine usije ukaenda peke yake.

Basi nilikuwa nimepata nilichokitaka. Mtu amesema, mbele ya watu, machela ilipelekwa wapi. Nilikaa pale kwenye mninga nikingoja kitu kishuke ndani yangu, na hakikushuka. Amesema akitabasamu. Amesema kama mtu anayesimulia safari. Mwanangu na krimu vilikuwa na uzito mmoja kinywani mwake, na huo haukuwa uovu wake tu, ulikuwa ule utulivu tuliompa. Nilimlaghai nikapata maneno, na nikamnyima aibu ambayo ndiyo ingekuwa malipo ya maneno.

Nikainuka. Nilishikilia meza mpaka mgongo ukakubali.

"Simama," nilimwambia. "Simama, uyaseme tena."

Alisimama kwa adabu, bado amelegea. Nilijua itachukua muda, mimi mwenyewe ilinichukua kutoka mlangoni hadi kwenye pipa.  Ukumbi mzima tulimtazama tukingoja. Kwanza mabega yalipanda. Kisha mkono ukaenda kwenye tai. Kisha akageuza macho, akawaona watu, akaona nani amesikia, na uso ukawa wa majivu. Akafungua mdomo, ukajifunga. Mkono wake ulirudi nyuma, unapapasa, unakitafuta kiti.

"Mama," Method akasema kutoka kule alikolegea, "mwache akae. Amechoka."

Hapo nitasema ukweli, niliogopa. Method ni mpasua mbao, mikono yake ni mizito. Nilijua akitoka kwenye kile kiti ile habari ya keki itamfikia yote kwa mpigo, na mtu mwenyewe yuko mbele yake, karibu hivi. Lwitiko alikuwa na haki yake pia. Ningemwacha Method pale amestarehe na angelala vizuri usiku ule, na kesho, na angemlea binti wa Oliva bila kukunja uso hata siku moja. Pengine huyo ndiye baba bora. Mimi siwezi kujua. Nilijua tu kwamba sikubali.

Nikazunguka meza. Nikamchukua mtoto kutoka kifuani pake. Nikamshika Method mkono, mkwe wangu, mbele ya wale wazee na vikohozi vyao, nikamvuta.

"Inuka, baba. Mkeo anasemwa."

Aliinuka. Luvanda alikuwa ameshaanza kujishusha akae tena kwenye kile kiti cha Lwitiko, magoti yamekunjwa. Nikamwahi. Nikamlaza mtoto pale pale kwenye kikalio, kwenye joto lake, na Luvanda akabaki ameinama nusu, hana pa kwenda, maana mbele ya kile kingine alisimama Method. Kumkalia binti wa Oliva hakuweza. Kumwondoa hakuweza. Akanyooka.

Ilimfikia Method. Niliiona ikipanda kutoka miguuni. Ngumi zikajifunga, mshipa ukatoka shingoni, akapiga hatua. Na mimi, sijui kama ilikuwa ujanja au mgongo wenyewe, magoti yaliniishia. Nikamwambia nishike, naanguka. Alinitazama mimi, akamtazama yule, akanishika. Alinishika kiuno kwa mikono yake yote miwili, kwa nguvu zote alizotaka kumfanyia mtu mwingine, mpaka leo nina alama. 

"Useme," Method alimwambia juu ya kichwa changu.

Bwana Luvanda aliyasema tena, amesimama. Hayakuchukua muda mrefu kama mara ya kwanza. Hakutaja ghorofa za keki wala krimu. Alisema niliigeuza mimi, alisema nilijua kuna mgonjwa anayeingoja, na hilo la pili hakuwa amelisema alipokuwa amekaa. Alipofika kwenye jina la Oliva sauti ilikatika akalazimika kulianza upya. Machozi yalimtoka; hayo hayakunihusu. Nilitaka tu yamtoke akiwa anajua yanatoka wapi.

Tusajigwe aliandika kila neno, akasoma kwa sauti, akamuuliza Luvanda kama ndivyo. Akaitikia ndivyo.

Watu wote tulikuwa tumesimama, hakuna aliyejua nini kinafuata. Ndipo nikamwona mtoto. Alikuwa ameamka na makelele yale hakuyapenda. Uso mdogo ukajikunja, kidevu kikaanza kucheza, mdomo ukafunguka kulia, na kiti kikamtikisa. Uso ukanyooka. Akajaribu tena, akajikunja tena, nacho kikamnyoosha tena, taratibu, kwa mapenzi yote ya mashine.

Nikamwambia Method aniachie kidogo. Niliinama, na Mungu anajua nilivyoinama, nikamtoa pale.

Akalia. Alilia kwa mapafu yake yote, ukumbi ukajaa, wazee wakaziba masikio, na Luvanda akainamisha kichwa. Bibi mmoja alininyooshea kanga nimfunike nimtulize.

Sikumbembeleza.